Darubini ya Bunduki: Kumbukumbu za Bwana Nyama



Mhariri wa jarida hili aliponitaka niandike makala ya historia kwa ajili ya mkutano wetu wa mwaka huu, bila shaka alitazamia nisimulie habari za viranja, za mechi zetu za mpira, au za kuchapwa fimbo kwa kuchelewa mstarini. Hayo nawaachia wenye kumbukumbu nzuri kuliko yangu. Mimi, kama wengi wenu mjuavyo, nilipomaliza masomo niliingia kazi ya wanyamapori, na kwa zaidi ya miaka 30 nimeitwa Bwana Nyama katika vijiji ambavyo jina langu halisi halikupata kujulikana. Katika miaka hiyo yote, swali nililoulizwa mara nyingi kuliko yote halikuwa juu ya simba wala tembo. Lilikuwa hili: “Bwana Nyama, nikitaka darubini ya kufunga juu ya bunduki, ninunue ipi?”

Nitalijibu swali hilo, lakini kwa njia ya historia, kwa sababu karibu kila kitu kilichomo ndani ya darubini hiyo kiliwekwa humo baada ya mtu fulani kukosea. Mmoja wa waliokosea ni mimi. Aliyelipa gharama hakuwa mimi.

Tuanzie maabara. Mwaka 1969 nilikuwa kidato cha pili. Wa rika langu watayakumbuka madirisha yale yaliyoelekea bonde la Jangwani: minazi michache, majani marefu, mto Msimbazi usioonekana ila wakati wa masika, na ng'ambo kule mapaa ya mabati ya Magomeni. Mwalimu wetu wa fizikia alitupa lenzi mbinuko mbili mbili, gundi, na karatasi ngumu za maboksi, akatuamuru tutengeneze darubini. Tukatengeneza. Tukatazama, na Magomeni yote ikawa miguu juu kichwa chini, watu wakitembea angani na minazi ikining'inia kama popo. Darasa zima likaangua kicheko. Mwenzetu mmoja, ambaye leo ni babu mwenye heshima zake na kwa hiyo simtaji, aliielekeza yake upande wa shule ya dada zetu majirani, akanyang'anywa papo hapo.

Siku ile Mwalimu alitufundisha mambo mawili. Kwanza, kwamba ili picha isimame sawasawa, katikati ya mrija panahitajika lenzi nyingine za kuigeuza tena. Pili ni lile tulilojitafutia wenyewe, kwa kuwa tulimsumbua atupe lenzi za kukuza zaidi. Akatupa. Picha ikawa kubwa kweli, lakini yenye giza na yenye kutetemeka. “Mwanga ni ule ule mliouingiza kwa mbele,” alisema. “Mkiutandaza juu ya picha kubwa, unakuwa kama mchuzi wa bakuli moja juu ya sinia la wali.” Nililiandika jambo hilo daftarini, nikapata alama nzuri katika mtihani, kisha nikalisahau kwa miaka 13.

Sasa tutoke shuleni tuingie Kariakoo, maana historia ya bunduki na Rufiji inapita pale pale tulipokuwa tukinunua maandazi. Kila mtoto wa mjini anajua kwamba jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, yaani jeshi la wapagazi la Waingereza. Walipouteka mji wa Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, sehemu ile iligeuzwa kambi ya wapagazi. Watu wetu walitwishwa unga, risasi na masanduku ya dawa, wakaelekea kusini kulikokuwa na jeshi la Wajerumani. Makumi ya maelfu yao walikufa katika vita vile, na wengi zaidi waliuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Majina yao hayakuandikwa juu ya hifadhi yoyote ya wanyama.

Jina lililoandikwa lilikuwa la mtu mwingine. Tarehe 4 Januari 1917, mahali paitwapo Beho Beho, kaskazini mwa mto Rufiji, Kapteni Frederick Selous wa kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers alipigwa risasi na mdunguaji wa upande wa Wajerumani, akafa hapo hapo akiwa na umri wa miaka 65. Alikuwa mwindaji aliyejulikana ulimwengu mzima. Alianza kuwinda kusini mwa Afrika katika miaka ya 1870 kwa gobori zito la kushindiliwa baruti kwa mdomoni, lisilo tofauti sana kwa asili na magobori ya babu zetu, na alizikwa kule kule porini. Mwaka 1922 pori lile likapewa jina lake, na wengi wetu tumelijua kama Selous mpaka mwaka 2019, sehemu yake kubwa ilipofanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Nawaomba mkumbuke pori hilo, maana tutalirudia.

Je, wakati ule darubini za bunduki hazikuwapo? Zilikuwapo. Kampuni ya Kahles ilianzishwa Vienna mwaka 1898, na mafundi wa Ujerumani walikuwa wakizitengeneza kwa ajili ya wawindaji wa kulungu katika misitu yao, ambako mnyama hutokea pembeni mwa miti jua likizama. Vita vilipoanza mwaka 1914, Wajerumani walikusanya bunduki za wawindaji zenye darubini wakazipeleka kwenye mahandaki ya Ufaransa, na kwa muda mrefu Waingereza hawakuwa na kitu cha kulinganisha. Kwa hiyo chombo kilichobuniwa kwa ajili ya kulungu kiligeuzwa kuwa chombo cha udunguaji.

Hata hivyo, wawindaji wakubwa wa Afrika hawakukitaka. Mskoti Walter Bell, aliyeitwa “Karamoja”, aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki za risasi ndogo zenye vilengeo vya chuma vya kawaida. (Simsifu kwa idadi hiyo, naitaja kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.) Vijana husoma habari hizi wakadhani wazee wale walikuwa wakaidi tu. Sivyo. Darubini za siku zile zilikuwa na kasoro ambazo nchi za joto huzifichua haraka. Mrija haukuzibwa, hivyo unyevu uliingia. Msalaba wa kulengea, ambao nyakati nyingine ulikuwa uzi wa buibui hasa, si mfano wa maneno, ulikatika kwa mtikisiko. Na kulikuwa na jambo baya zaidi, lisiloonekana kwa macho.

Kioo kisichopakwa kitu hurudisha nyuma karibu asilimia 4 ya mwanga katika kila uso wake. Asilimia 4 si kitu, mtasema. Lakini kila lenzi ina nyuso mbili, na darubini ya bunduki, pamoja na zile lenzi za kugeuza picha alizotueleza Mwalimu, huwa na nyuso 10 au zaidi. Wanafunzi wa hesabu chukueni 0.96 muizidishe yenyewe kwa yenyewe mara 10: mtapata kama 0.66. Theluthi nzima ya mwanga imepotea kabla haujalifikia jicho. Na mwanga uliorudishwa hauendi zake. Huzungukazunguka ndani ya mrija na kuitia picha weupe kama wa ukungu. 

Mtu aliyelitatua jambo hilo ni Alexander Smakula, mwanafizikia mzaliwa wa Ukraine aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha Zeiss mjini Jena. Mwaka 1935 alipata njia ya kukipaka kioo utando mwembamba mno, wenye unene mdogo kuliko urefu wa wimbi la mwanga, ili mwanga uliorudishwa na uso wa juu wa utando na ule uliorudishwa na uso wa chini uuane wenyewe kwa wenyewe. Maarifa hayo yalikuwa siri ya jeshi la Ujerumani hadi wakati wa Vita vya Pili. Ule urangi wa zambarau au wa kijani muuonao mnapoitazama lenzi nzuri kwa upande ndio kumbukumbu ya kazi yake.

Hitilafu ya unyevu nayo iliondolewa kwa hasira ya mwindaji. Marcus Leupold, ambaye jamaa zake walikuwa na karakana ya vyombo vya upimaji katika jimbo la Oregon huko Marekani, alimkosa mnyama kwa sababu darubini yake iliingia ukungu ndani, akaapa kutengeneza iliyo bora. Mwaka 1947 kampuni yake ilitoa darubini iliyozibwa kabisa na kujazwa gesi ya naitrojeni kavu, isiyo na mvuke wa kugeuka ukungu. Kabla ya hapo, tangu miaka ya 1930, Bill Weaver wa Texas alikuwa amekwisha kuzifanya darubini ziwe za bei ya mtu wa kawaida, na katika miaka ya 1960 na 1970 viwanda vya Japani vikazidi kuzishusha bei. Kwa maoni yangu, ni hapo ndipo darubini ilipostahili kuletwa Afrika. Lakini ni hapo pia zilipoanza kutokea darubini zenye sura ya darubini tu.

Basi nirudi kwangu mwenyewe. Serikali ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1973, na mwaka 1978 ukaruhusiwa tena chini ya shirika la TAWICO. Mimi nilipitia chuo cha Mweka katikati ya marufuku hiyo, na kazi yangu ya kwanza haikuwa ya watalii, bali ya kulinda mashamba: nyati na tembo waliokuwa wakila mpunga na mahindi ya wananchi kando ya Rufiji. Bunduki niliyokabidhiwa ilikuwa BRNO ya Czechoslovakia, yenye risasi ya .375. Wajuzi wataikumbuka: chuma chake cha juu kina mifereji iliyochongwa kiwandani, tayari kwa vibano vya darubini, bila kutoboa tundu hata moja. Mifereji ile mitupu ilinitamanisha kila nilipoisafisha.

Mwaka 1982, mtakumbuka hali ilivyokuwa. Fedha za kigeni hakuna, sabuni yenyewe foleni. Darubini ungeipata wapi? Nikiwa likizoni mjini niliambiwa kwamba kuna baharia Kariakoo anayo moja. Nilimkuta katika hoteli ya chai, Mtaa wa Msimbazi, akaitoa ndani ya soksi. Ilikuwa nyeusi, ya kung'aa, yenye maandishi ya rangi ya dhahabu: 3–9×32. Maana yake ni kwamba inakuza kuanzia mara 3 hadi mara 9, na lenzi yake ya mbele ina upana wa milimita 32. Jina la kampuni lilikuwa la kizungu lakini sijapata kulisikia tena mpaka leo.

Tukatoka naye kwenda kuijaribu pembeni ya uwanja wa Jangwani. Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi. Nikaizungusha hadi 9, nikaielekeza barabara ya Morogoro inapokata bonde, nikasoma namba ya basi la UDA lililokuwa likipanda Magomeni! Ndugu zangu, nilifurahi kama mtoto. Nilikuwa nimesimama umbali wa kutupa jiwe kutoka maabara ile ile, nikitazama mapaa yale yale, na sikukumbuka hata neno moja la wali na mchuzi. Nikamlipa mshahara wangu wa miezi miwili, sehemu kubwa yake ya kukopa.

Niliifunga mwenyewe kwenye BRNO, nikapiga risasi tatu tu kuisawazisha, kwa kuwa risasi zilikuwa adimu. Zote tatu zikaingia mahali pa kufunikwa na kiganja, kwa hatua 100. Nikaifunga bunduki ndani ya blanketi, nikapanda Land Rover kwa barabara ya Kibiti ya siku zile. Sina haja ya kuwaeleza wanaoijua.

Nyati mwenyewe alikuwa dume pweke aliyekuwa amekwisha kumjeruhi mama mmoja shambani. Tulimkuta alfajiri pembezoni mwa matete: mimi, askari mmoja wa wanyamapori, na mfuata nyayo wetu, mzee wa Kindengereko niliyekuwa nikimwamkia shikamoo kila asubuhi naye akiniita mwanangu mbele za watu na Bwana Nyama mbele ya wakubwa. Bado kulikuwa na kigizagiza. Nikapiga goti, nikatazama. Darubini ilikuwa kwenye 9, kama nilivyoiacha Jangwani. Nikaona kitu cheusi ndani ya maziwa. Nusu ya weupe ule ilikuwa ukungu ulioingia ndani usiku, na nusu ni mwanga uliokuwa ukizunguka ndani ya mrija kwa lenzi duni. Mzee akaninong'oneza, “Mwanangu, ngoja kupambazuke.” Nilikuwa na umri wa miaka 29, na darubini ya mishahara miwili. Sikungoja.

Nililenga bega. Risasi ilimpiga tumboni. Nilikuja kuthibitisha baadaye kwamba njiani darubini ilikuwa imehama, ikipeleka risasi pembeni karibu sentimita 40 kwa hatua 100. Na kwa kuwa ilitaka jicho likaribie mno, teke la .375 liliurudisha mrija ukanipasua juu ya nyusi. Kovu ninalo. Nyati akaingia kwenye matete.

Mnyama aliyejeruhiwa haachwi. Hiyo ni kanuni ya kazi, na ndiyo haki yake na ya wanavijiji. Tulingoja jua lichomoze vizuri, tukafuata damu. Mzee alitangulia, kama ilivyo kazi yake. Alitutokea kwa upande, hatua kumi au pungufu. Nikainua bunduki, nikatazama katika darubini, na sikuona nyati. Niliona ngozi. Hili nalo ni hesabu tupu: darubini ya kukuza mara 9 huonyesha upana wa kama mita 4 kwa umbali wa mita 100. Kwa mita 10 huonyesha kama sentimita 40. Ndani ya sentimita 40 nyati hana kichwa wala bega. Ana weusi tu, unaopita. Mpaka nilipoondoa jicho, Mzee alikuwa amekwisha kurushwa. Askari wetu, aliyekuwa na bunduki kuukuu yenye vilengeo vya chuma, ndiye aliyemwangusha nyati kwa risasi mbili.

Tulimbeba Mzee kwa machela ya miti miwili na kanga tulizoazima kijijini, tukipokezana watu wanne wanne, mwendo wa saa tano hadi lilipoweza kufika gari. Alipona. Lakini paja lilikuwa limesagika, na hakufuata nyayo tena mpaka alipofariki mwaka 1997. Nilikwenda kumtazama mara nyingi, na mara ya kwanza, akiwa bado kitandani, aliniuliza kwa upole, si kwa lawama, “Mwanangu, kile kioo chako kiliona nini ambacho macho yangu hayakuona?” Nilinyamaza. Kwake nilipeleka gunia la mchele kila mwaka, na sidhani kama lilitosha.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kusoma mambo niliyokwisha kuwasimulieni, nikaifungua darubini ile kwa bisibisi ili niielewe. Ndani sikukuta mpira wa kuzuia maji, bali grisi tu. Springi iliyopaswa kuushikilia mrija wa ndani, ule wenye msalaba wa kulengea, ilikuwa dhaifu kama ya kalamu ya wino. Lenzi ya mbele peke yake ndiyo iliyopakwa utando. Nyingine zote zilikuwa tupu.

Kwa hiyo anayeniuliza leo namjibu hivi. Kwanza kabisa usiulize inakuza mara ngapi. Uliza inaingiza mwanga kiasi gani. Gawanya upana wa lenzi ya mbele kwa ukuzaji, utapata upana wa mwali unaolifikia jicho. Mboni ya kijana katika giza hufunguka kama milimita 7, ya mzee kama 5. Darubini yangu ya Kariakoo ilikuwa 32 kwa 9, yaani milimita 3 na nusu: nusu ya upana wa mboni yangu ilikuwa haina kazi alfajiri ile. Kama ningeizungusha tu ikarudi 4, ningepata milimita 8, na hadithi hii huenda isingekuwapo. Kwa mapori yetu, ambako nyati hupigwa kwa hatua chini ya 100, anayekuuzia ukuzaji zaidi ya mara 6 anakuuzia mzigo. Na ukiingia vichakani irudishe kwenye namba ndogo kabisa, au iondoe kabisa ubaki na chuma. Ndiyo maana mimi huvipenda vibano vya kufungua kwa mkono.

Pili ni umbali wa jicho. Kwa bunduki ya .375, ambayo ndiyo kiwango cha chini cha nyati na tembo kwa kanuni zetu, usikubali pungufu ya sentimita 9 kati ya nyusi na mrija. Muulize kovu langu.

Ubora wa kioo usiupime saa saba mchana. Mchana kweupe hata chupa ya soda ina kioo kizuri. Mimi siku hizi mtu akiniletea darubini humpeleka pale pale Jangwani, lakini wakati wa magharibi, adhana ikikaribia, nikamwambia aitazame miti ya upande wa pili, chini kabisa ya kivuli. Azishike mbili kwa kupokezana, zenye ukuzaji sawa. Iliyo nzuri itaendelea kuonyesha matawi kwa dakika kumi au robo saa baada ya nyingine kuwa giza. Robo saa hiyo ndiyo unayoilipia, na haina uhusiano wowote na kuwinda usiku, ambako sheria zetu zimekukataza tangu zamani na kwa haki kabisa. Kila aliyefuata mnyama anajua kwamba mapambazuko na machweo ndiyo saa zao.

Kuhusu maji, iko njia ya kikatili: izamishe katika ndoo ya maji ya uvuguvugu uone kama itatoa mapovu. Mwenye duka hatakupenda. Lakini kama ni ya mkononi, na muuzaji anakataa ndoo, umekwisha kupata jibu.

Jambo la uimara ndilo lenye gharama, kwa sababu linataka risasi. Funga darubini, piga risasi moja shabahani. Zungusha kirekebishio cha pembeni alama 20 kulia, piga. 20 juu, piga. 20 kushoto, piga. 20 chini, piga. Risasi ya tano irudi katika tundu la kwanza au jirani yake kabisa. Ikienda kwingine, hata ikiwa ni hatua ndogo, darubini hiyo ina springi ya kalamu. Kisha ipande gari, ikapigwe na barabara mbovu, na ufanye tena. Na mahali popote uendapo, ukifika piga risasi moja ya kuhakikisha kabla ya kumtazama mnyama yeyote. Risasi hiyo moja mimi niliionea ubahili.

Watu hutaka nitaje majina. Yangu mimi, niliyoipata mwaka 1990 kutoka kwa mwindaji aliyekuwa akirudi kwao, ni Schmidt & Bender, kampuni ya Ujerumani iliyoanzishwa mwaka 1957: 1.5–6×42. Fanyeni hesabu, 42 kwa 6. Iliifuata kazi yangu mpaka nilipostaafu, na sijaigusa kwa bisibisi hata mara moja. Lakini jina nalo siku hizi si dhamana. Darubini za bandia zenye majina makubwa zimejaa ulimwenguni, na Leupold wenyewe wametoa tahadhari juu ya bandia za bidhaa zao. Kwa hiyo andika namba iliyochongwa mrijani, iulize kampuni, usikimbilie kulipa. Ukiwa na bajeti ndogo, nunua ya kukuza mara 4 tu, isiyobadilika, ya kampuni yenye sifa, hata ikiwa kuukuu. Haina mengi ya kuharibika. Wenye kuuza hawatakuonyesha hiyo kwanza.

Sijasema neno juu ya leseni, kwa kuwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 iko wazi, na polisi watawaeleza vizuri kuliko mimi. Wala sijasema juu ya hizi darubini mpya za kuona joto la mwili wa mnyama. Nimezitazama mara moja tu, nikahisi kama nimechungulia chumba cha mtu.

Ile ya Kariakoo bado ninayo. Baada ya kuifungua niliikaza tena, ila skrubu moja ilipotea katika majani ya Utete. Nimekubaliana na mwalimu wa fizikia wa sasa kwamba siku ya mkutano nitaileta maabara, niwaachie wanafunzi waivunje kabisa, wazihesabu lenzi, wazipime, na waone wenyewe ni ipi iliyopakwa na ipi isiyopakwa. Watakaowahi saa kumi na mbili jioni tutakwenda nayo dirishani kabla hawajaivunja, pamoja na hii yangu nyingine, tutazame Magomeni.